Papa wa Greenland na Umri Wake

Katika maji baridi ya Atlantiki ya Kaskazini, hata kwenye kina cha mita 2,200, huishi papa wa Greenland, mzito wa mwendo, ambaye aweza kupita urefu wa mita 5. Zamani wavuvi walimwinda kwa ajili ya mafuta ya ini lake. Hukua chini ya sentimita 1 kwa mwaka. Je, umri wake hujulikanaje?

Samaki wengi husomwa umri wao katika vijiwe vya masikio, vyenye pete mithili ya zile za shina la mti. Papa hana vijiwe vya namna hiyo, na pingili za mgongo wa papa huyu ni laini mno, hata haziweki alama za miaka. Basi mwaka 2016 Julius Nielsen na wenzake wakaligeukia jicho. Kiini cha lenzi huumbika papa angali tumboni mwa mama yake, wala hakibadiliki tena. Wakapima kaboni-14 katika viini vya majike 28. Aliye mkubwa kuliko wote alikisiwa kuwa na miaka 392, na kwa uchache 272. (Nilipozisoma tarakimu hizo nilidhani mpiga chapa amekosea.)

Lililo zito zaidi ni kwamba jike hupevuka akiwa na umri wa miaka ipatayo 150. Yule aliyezaliwa Seyyid Barghash akitawala Unguja ndiyo kwanza anakaribia kuzaa. Akinaswa leo katika nyavu za kukokota zilizokusudiwa kamba, mtoto wa kushika nafasi yake atachukua karne moja na nusu nyingine kabla ya kuzaa.