Nyayo za Dume, Kishimo cha Jike
Mbawakawa wa majani, ambao wanasayansi huwaweka katika familia ya Chrysomelidae yenye spishi zaidi ya 30,000, ni wadudu wadogo walao mimea, na miongoni mwao wamo wale wanaotoboa majani ya maharage katika mashamba ya Tanzania. Dume na jike aghalabu hufanana kwa rangi na umbo, ila jike huwa mkubwa kidogo kwa sababu ya mayai. Na katika spishi ya Ulaya iitwayo Gastrophysa viridula, tumbo la jike aliyejaa mayai huvimba hata likatokeza nje ya mabawa magumu ya juu, yale yanayofunika mgongo, yakabaki mfano wa kizibao kisichofunga.

Tofauti inayostahili kutazamwa kuliko zote imo nyayoni. Wayo wa mbawakawa hawa una vinyweleo vingi vya kunatia, vinavyowawezesha kutembea chini ya jani bila kuanguka. Lakini katika spishi nyingi, akiwemo mbawakawa wa viazi wa Colorado, baadhi ya vinyweleo vya dume huishia kwa ncha bapa kama kisahani, ambayo jike hana. Sababu yake ni kwamba mgongo wa jike huteleza, na dume ampandaye hana budi kunata juu yake muda wote wa kujamiiana, hata jike akitembea au akijaribu kumtupa.

Jike naye ana kifaa chake, nacho ni cha ajabu zaidi. Katika jenasi ya Cryptocephalus, pingili ya mwisho ya tumbo lake ina kishimo cha mviringo upande wa chini, ambamo yai hushikiliwa huku akiligeuza kwa miguu ya nyuma na kulipaka kinyesi tabaka kwa tabaka mpaka lipate ganda, ambalo buu akishaanguliwa huishi ndani yake na kuliongeza kadiri anavyokua.

Spishi chache zina madume wenye silaha. Dume wa Sagra femorata wa Asia ana mapaja mazito ya nyuma ya kumbania mpinzani, na yule wa Acromis sparsa wa Panama ana mabega ya mabawa yaliyochongoka kuelekea mbele, ambayo hutoboa mabawa ya madume wenzake vitani. Ilhali jike wake, asiye na ncha hizo, hukaa na watoto wake akiwakinga dhidi ya sisimizi na wawindaji wengine.