Farasi na baiskeli: Ni nani huchoka kwanza?

IWAPO farasi na mwendesha baiskeli wataanza safari pamoja alfajiri, ni nani atakayefika kwanza? Wengi watamtaja farasi bila kusita. Si ajabu, maana hata injini za magari tumezoea kuzipima kwa nguvu za farasi. Lakini jibu la kitabibu ni refu kidogo, nalo linahusu moyo, damu na jasho, vitu ambavyo kila msomaji anavyo.

Tuanze na kasi. Mnamo mwaka wa 1973 huko Marekani, farasi Secretariat alishinda mbio za Belmont Stakes, umbali wa kilomita 2.4, kwa dakika mbili na sekunde 24. Huo ni mwendo wa kilomita 60 kwa saa, tena akiwa amembeba mtu mgongoni. Mwaka wa 2008 farasi mwingine wa huko huko, Winning Brew, alipimwa akikimbia zaidi ya kilomita 70 kwa saa katika umbali wa mita 400 hivi. Mtu wa kawaida anayekwenda kazini kwa baiskeli hufanya kilomita 15 au 20 kwa saa. Hapo hakuna mashindano.

Bingwa ni habari nyingine. Katika Olimpiki ya Paris mwaka wa 2024, Mholanzi Harrie Lavreysen alimaliza mita 200 kwa sekunde 9.088, yaani kilomita 79 kwa saa, ingawa yeye alianza kupimwa akiwa tayari anatimka, tena katika uwanja laini wa ndani. Naye Mwitaliano Filippo Ganna, mwaka wa 2022 huko Grenchen, Uswisi, aliendesha kilomita 56.792 kwa saa moja. Mlinganishe na Secretariat. Kasi zao hazipishani sana, lakini mmoja aliidumisha kwa dakika mbili na nusu na mwingine kwa dakika 60. Hakuna farasi awezaye kwenda kwa kasi ya Ganna hata kwa robo saa.

Kutoka Vienna hadi Berlin

Jambo hili liliwahi kujaribiwa barabarani. Oktoba mwaka wa 1892, maafisa wa jeshi wa Ujerumani na wale wa Austria-Hungary walishindana kwa farasi kati ya Berlin na Vienna, umbali wa kilomita zipatazo 580. Wajerumani walitoka Berlin na wenzao wakatoka Vienna. Mshindi, Wilhelm Starhemberg wa Austria, alitumia saa 71 na zaidi kidogo. Farasi wake, aliyeitwa Athos, alikufa baada ya safari hiyo kwa kuchoshwa kupita kiasi, wala si yeye peke yake aliyekufa.

Mwaka uliofuata, mwezi wa Juni, ikawa zamu ya waendesha baiskeli kutoka Vienna hadi Berlin. Josef Fischer wa Munich alifika kwa saa 31. Muda huo haufikii hata nusu ya ule wa farasi bora, na hizo zilikuwa baiskeli nzito za zamani kwenye barabara za vumbi. Fischer aliendelea na mchezo wake, na mwaka wa 1896 akashinda mbio za kwanza kabisa za Paris-Roubaix.

Wapenzi wa farasi hawakukubali kushindwa. Mmarekani Samuel Cody alizunguka Ulaya miaka hiyo akishindana na waendesha baiskeli mbele ya watazamaji, na mara kadhaa akashinda. Ila aliruhusiwa kubadilisha farasi njiani. Mimi nauhesabu huo kuwa ushahidi wa upande wa baiskeli.

Damu ya akiba

Ukiuchunguza mwili wa farasi utashangaa alishindwaje. Akipumzika, moyo wake hupiga mara 28 hadi 40 kwa dakika. Akikimbia kwa nguvu zote hupita mara 220. Moyo wa kijana wa miaka 20 hufika karibu 200 tu. Isitoshe, farasi ana ghala la damu. Wengu wake, ambao wengine huuita bandama, huweka akiba kubwa ya chembechembe nyekundu, na anapoanza kukimbia huzimwaga mishipani. Akiwa ametulia, chembechembe hizo huwa kama asilimia 40 ya damu yake. Katika mbio hupanda hadi asilimia 60 na zaidi. Hizo ndizo zinazobeba oksijeni, na kwa kila kilo ya uzito wake, farasi wa mbio hutumia oksijeni karibu mara mbili ya bingwa wa kibinadamu.

Kwa binadamu kiwango kama hicho ni hatari. Damu huwa nzito, moyo hutaabika kuisukuma, na mabonge yanaweza kuziba mishipa. Ndiyo sababu mwaka wa 1997 shirikisho la kimataifa la mchezo wa baiskeli liliweka kikomo cha asilimia 50 kwa wanaume, baada ya baadhi ya waendeshaji kuzoea kudungwa EPO, homoni inayohimiza mwili kutengeneza chembechembe nyekundu. Walikuwa wakitafuta kwa sindano kile ambacho farasi amezaliwa nacho. Dawa hiyo huwafaa sana wagonjwa wa figo waliopungukiwa na damu, na ingebaki huko.

Gurudumu na jasho

Basi ni nini kilichomwangusha farasi? Kwanza ni gurudumu. Anayekimbia kwa miguu, awe mtu au farasi, huinua uzito wake na kuushusha kila hatua, na kila mguu unapotua humpunguzia mwendo kidogo. Mwendesha baiskeli ameuweka uzito wake juu ya kiti. Kwa nguvu zile zile za kutembea haraka, yeye huenda mara tatu ya mwendo huo au zaidi. Akifika kwenye mteremko hupumzika, ilhali farasi hapo anafanya kazi ya kujizuia asianguke.

Gurudumu hata hivyo lahitaji barabara. Huko Llanwrtyd Wells, Wales, kuna mbio za watu na farasi zilizoanza mwaka wa 1980 kutokana na mabishano ya baa, kilomita 35 hivi za vilima na matope. Kwa miaka kadhaa kuanzia 1985 waendesha baiskeli nao waliruhusiwa, na ni mmoja tu, Tim Gould, aliyewahi kumtangulia farasi wa kwanza, mwaka wa 1989.

Halafu kuna joto. Misuli hugeuza kama robo tu ya nguvu ya chakula kuwa mwendo. Zinazobaki huwa joto ambalo lazima litoke. Farasi wa kilo 500 ana ngozi ya mita mraba 5 hivi. Mtu wa kilo 70 ana karibu mita mraba 2. Ukipiga hesabu utaona kwamba kila kilo ya farasi ina ngozi chini ya nusu ya ile iliyonayo kila kilo ya mtu. Mwendesha baiskeli tena hupepewa na upepo anaoupasua mwenyewe.

Farasi anayefanya kazi nzito kwenye joto huweza kutoa jasho la lita 10 hadi 15 kwa saa, na jasho hilo lina chumvi nyingi kama damu yake, au hata kuizidi. Jasho la binadamu lina chumvi kidogo kuliko damu. Hapa ndipo penye siri. Mtu akitokwa na jasho hupoteza maji zaidi kuliko chumvi, damu yake hukolea, ubongo hupata habari, naye huhisi kiu. Farasi hupoteza maji na chumvi kwa pamoja, damu haikolei, na kwa hiyo anaweza kuikataa ndoo ya maji ilhali mwili umekauka.

Msomaji asidhani kwamba sisi tumesalimika kabisa. Kunywa lita nyingi za maji matupu kwa saa chache nako huzimua chumvi ya damu, na wapo wanamichezo waliopoteza fahamu na kufa kwa njia hiyo. Katika kazi ya saa nyingi juani, kunywa kadiri kiu inavyotaka na ule chakula chenye chumvi.

Anayeweza kushuka

Sababu ya tatu ndiyo naiona kubwa kuliko zote. Mwendesha baiskeli akizidiwa hushuka akakaa kando ya njia. Farasi ana mtu mgongoni, na uamuzi si wake.

Lakini binadamu naye anaweza kujipanda mwenyewe. Julai 13, 1967, Mwingereza Tom Simpson alianguka akipanda mlima Ventoux, Ufaransa, katika mbio za Tour de France, siku ya joto kali. Alifariki. Mwilini mwake ilipatikana amfetamini, dawa ya kuchangamsha, pamoja na pombe. Amfetamini huuziba mlio wa uchovu huku misuli ikiendelea kutoa joto, na joto hilo ndilo linaloua.

Huku kwetu naona jambo la aina hiyo kwa watu wanaomeza vidonge vya maumivu, kama vile ibuprofen au diclofenac, kabla ya mbio ndefu au kazi ya kubeba mizigo, ili wasihisi kitu. Dawa hizo hupunguza damu inayofika kwenye figo. Mwili ukiwa umekauka, figo zinaweza kuharibika.

Katika mbio ndefu za farasi za siku hizi, zinazofika kilomita 160, madaktari wa mifugo humsimamisha farasi kila baada ya hatua fulani. Mapigo ya moyo yasiposhuka hadi 64 katika dakika zilizowekwa, anaondolewa, mpanda farasi atake asitake. Sheria hii naipenda, na kila mtu anaweza kuwa na yake nyumbani. Ukimaliza zoezi zito, shika mshipa wa kifundo cha mkono, hesabu mapigo kwa sekunde 15 na uzidishe kwa nne. Tembea polepole kwa dakika moja, kisha uhesabu tena. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka wa 1999 ulionyesha kwamba watu ambao mapigo yao hushuka kwa 12 au chini ya hapo katika dakika hiyo ya kwanza walikuwa na hatari kubwa zaidi ya kufa katika miaka iliyofuata. Ukipata hesabu kama hiyo mara kwa mara, nenda ukapimwe moyo. Anayetumia dawa za kupunguza mapigo, kama atenolol, asijipime kwa njia hii.

Na ukiwa juani, iwe kwa baiskeli, kwa miguu au kwa mkokoteni, kisha ukahisi kifua kinabana, kizunguzungu, au mwenzako akaanza kusema maneno yasiyoeleweka, kazi iishe hapo hapo. Mpelekeni kivulini, mmwagieni maji mwilini huku mkimpepea, na mtafute gari la hospitali.