Ziara ya Bagamoyo: Msaada Unaomweka Mtu Huru

Ndugu wanakamati za parokia na wafadhili wetu, safari za mafunzo zinazofanywa na kamati za Mbulu na Hanang kwa kawaida huenda kuona visima, ng'ombe wa maziwa au vikundi vya kuweka na kukopa. Safari hii tunapendekeza mahali pa aina nyingine, yaani misheni kongwe ya Bagamoyo, mkoani Pwani, si mbali na pale Mto Ruvu unapoingia baharini.

Historia kwa ufupi

Mapadri wa Roho Mtakatifu kutoka Ufaransa walifungua misheni hii mwaka 1868, wakiongozwa na Padri Antoine Horner. Wakati huo Bagamoyo ilikuwa mwisho wa njia ya misafara iliyoleta pembe za ndovu na watumwa kutoka bara. Wamisionari walinunua watoto katika soko la watumwa la Unguja, wakawaleta Bagamoyo na kuwafundisha dini, kusoma, kilimo na ufundi. Walipokua walioana na kupewa makao katika kijiji cha Kikristo. Soko la Unguja lilifungwa mwaka 1873.

Mambo ya kuona

Wageni huonyeshwa makumbusho ya misheni, mbuyu mkubwa, kanisa lililokamilika mwaka 1914, na makaburi ya wamisionari ambao wengi walikufa wakiwa bado vijana. Upo pia mnara wa kanisa la kwanza. Mwezi Februari 1874 mwili wa Livingstone ulilazwa hapo, baada ya Chuma, Susi na wenzao kuubeba kwa miguu kutoka nchi ambayo leo ni Zambia.

Swali la kujiuliza

Ukombozi ule ulikuwa wa kweli. Mtoto aliyekuwa na bei alipata jina, shule na chakula. Hata hivyo ni lazima tuseme na upande wa pili. Waliokombolewa walifanya kazi katika mashamba ya misheni chini ya kanuni kali, na mambo mengi ya maisha yao yaliamuliwa na wengine. Baadhi yao walitoroka. Walikuwa wametoka utumwani, lakini sauti ya kuamua mambo yao ilikuwa bado ndogo.

Jambo hilo linatuhusu. Tarehe 3 Desemba 2023 maporomoko ya tope kutoka Mlima Hanang yaliikumba Katesh na vijiji vya jirani, na watu zaidi ya 80 walipoteza maisha. Siku zile hapakuwa na muda wa vikao, kwa kuwa watu walihitaji chakula, nguo na mahali pa kulala. Lakini kila msaada una hatua ya pili. Ni nani anayechagua mbegu, anayeshika daftari la mradi, na anayeweza kusema "hapana" mbele ya mfadhili? Kamati ikikosa majibu, mradi bado ni wa mfadhili, hata kama uko kijijini kwetu.

Namna ya kujiandaa

Andikeni barua mapema kwa ofisi ya parokia ya Bagamoyo. Chukueni wazee, akina mama na vijana, si viongozi peke yao. Kila mmoja aende na swali moja kuhusu mradi wa parokia yake, na mkirudi lijadiliwe katika jumuiya ndogo ndogo.

Mwisho, ziara isiishie Bagamoyo. Hata sisi tuna historia yetu. Mapadri Weupe walifika Tlawi, Mbulu, mwanzoni mwa karne ya 20, na Hospitali ya Haydom, iliyoanzishwa na Walutheri wa Norwei, ilifunguliwa mwaka 1955. Wapo wazee wanaokumbuka nani alibeba mawe na nani alifyatua matofali. Waulizeni sasa na mwandike, ili wajukuu wetu wajue kwamba wenyeji nao walijenga.