Je, Wajua? Presha ya Utu Uzima Yaweza Kuanzia Tumboni

Je, wajua kwamba malaria anayougua mama mjamzito Muheza au Korogwe yaweza kumfuata mwanawe hadi uzeeni? Vimelea hujikusanya kwenye kondo la nyuma, chakula na hewa ya mtoto vikapungua, naye akazaliwa na uzito usiofika kilo 2.5. Kati ya mwaka 2008 na 2010 watafiti waliwafuatilia wajawazito wa Korogwe kwa altrasaundi, kuona malaria inavyomdumaza mtoto angali tumboni.

Aliyeuhusisha uzito huo na maradhi ya moyo ni daktari Mwingereza, David Barker, ambaye mapema miaka ya 1970 alikuwa Uganda akichunguza ugonjwa wa ngozi uitwao vidonda vya Buruli. Baadaye yeye na wenzake walipata madaftari ya wakunga wa Hertfordshire, Uingereza, yaliyoanza kuandikwa mwaka 1911: uzito wa kila mtoto alipozaliwa, na tena alipotimiza mwaka. Wakatafuta habari za wanaume 5,654 waliotajwa humo. Mwaka 1989 walitangaza kuwa waliokuwa wepesi kuliko wenzao walipozaliwa na walipotimiza mwaka mmoja ndio waliokufa kwa wingi zaidi kwa maradhi ya moyo. Wataalamu wengi walipinga, maana walizoea kulaumu sigara na mafuta tu.

Sababu mojawapo ya uhusiano huo imo kwenye figo. Vichujio vyake huumbwa mtoto akiwa tumboni. Akishazaliwa kwa miezi yake, haviongezeki tena. Aliyepungukiwa lishe huzaliwa navyo vichache, vikalazimika kufanya kazi ya vingi, na kwa kuwa figo ndizo zinazosawazisha presha, miaka ikisogea presha hupanda na moyo huelemewa.

Mtoto akishazaliwa, kipigo na hofu navyo huhusishwa na maradhi ya moyo. Utafiti wa San Diego, Marekani, wa mwaka 1998 ulikuta kuwa waliopitia aina nne au zaidi za mateso utotoni walikuwa na maradhi ya moyo takriban mara mbili ya wasioyapitia. Nasi Tanzania, utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 ulionyesha kuwa karibu vijana watatu kati ya wanne walifanyiwa ukatili wa kimwili kabla ya miaka 18. Takwimu hiyo inaniuma.

Kwa hiyo vidonge vya SP vya kukinga malaria anavyomeza mjamzito kliniki, pamoja na chandarua chenye dawa, huenda vikamlinda mtoto kwa miaka mingi kuliko tunavyodhani. Na kadi ya kliniki isitupwe mtoto akitimiza miaka mitano: uzito wake wa kuzaliwa umeandikwa humo, na daktari atakayempima presha ukubwani atanufaika kuujua.