Je, wajua? Bei ya mkanda wa ngozi huanzia mgongoni mwa ng'ombe

Je, wajua kwamba mikanda miwili iliyokatwa kwenye ngozi ya ng'ombe mmoja, siku moja, kwa kisu kimoja, inaweza kupishana umri kwa miaka mingi? Uliokatwa sambamba na uti wa mgongo utadumu na mwenyewe suruali zikija na kuondoka. Uliokatwa tumboni utavutika baada ya miezi michache, matundu yake yatarefuka, na mwenye mkanda ataanza kutafuta msumari wa kutoboa tundu jipya. Siku ya kununua, yote miwili inang'aa sawasawa.

Fundi anayeijua tofauti hiyo anaweza kupanga bei ya haki. Asiyeijua huangalia jirani anauzaje, na mara nyingi jirani naye alimwangalia jirani yake. Ndiyo maana mafundi wetu wengi wenye mikono mizuri hushinda kibandani kutwa nzima na kurudi nyumbani na pesa ya mboga tu.

Ng'ombe wa mlimani na ng'ombe wa tambarare

Tuchukue mfano wa Chekereni, iliyoko kwenye tambarare kusini mwa mji wa Moshi, katikati ya mashamba ya mpunga ya skimu ya Lower Moshi iliyojengwa miaka ya 1980 kwa msaada wa Japani. Chuo cha mafunzo ya kilimo cha KATC kiko hapo hapo, na wengi wanalijua eneo hili kwa mchele wake. Fundi wa ngozi analijua pia kwa sababu nyingine: yuko kati ya ufugaji wa aina mbili.

Juu yake, kwenye vihamba vya Wachaga, ng'ombe hufungwa zizini. Hulishwa majani na vigogo vya migomba, pamoja na nyasi zinazobebwa kutoka huku chini. Chini yake, kwenye mbuga za wafugaji, ng'ombe hutembea mchana kutwa kutafuta maji na malisho. Maisha hayo yote huandikwa kwenye ngozi. Ng'ombe wa mbugani hukwaruzwa na miiba, huumwa na kupe, na mara nyingi hupigwa chapa ya moto ubavuni, pale hasa ambapo fundi angepata kipande kikubwa kisicho na doa. Ng'ombe wa zizini huepuka miiba mingi, ila akilala kwenye samadi isiyoondolewa, nayo huganda na kuiharibu ngozi yake.

Jeraha la mwisho hutoka kwa binadamu. Kisu kikiteleza wakati wa kuchuna, huacha mkato upande wa nyama usioonekana haraka. Baadaye, ngozi ikishasindikwa na kupunguzwa unene, mkato huo hugeuka tundu.

Tanzania ina ng'ombe zaidi ya milioni 30, na barani Afrika ni Ethiopia pekee iliyo na wengi kuliko sisi. Moshi nayo si mgeni wa kazi hii. Eneo la Gereza la Karanga lina kiwanda cha viatu na bidhaa za ngozi, ubia wa Jeshi la Magereza na mfuko wa hifadhi ya jamii wa PSSSF. Himo, mashariki mwa mji, kulijengwa kiwanda cha kusindika ngozi. Malighafi ipo karibu. Kinachopungua ni ngozi iliyotunzwa vizuri tangu zizini, na hesabu iliyofanywa vizuri mezani kwa fundi.

Ndani ya ngozi kuna nini?

Ngozi mbichi ni maji zaidi ya nusu ya uzito wake. Sehemu kubwa ya kinachobaki ni protini iitwayo kolajeni. Molekuli zake ni nyuzi tatu zilizosokotwa pamoja. Zikijikusanya hufanya nyuzi nene zaidi, na hizo tena hufungana, kama kamba ya mkonge inavyojengwa kutoka uzi mwembamba hadi kamba ya kufungia meli. Tabaka la juu, lile lenye vitundu vya manyoya, limesukwa kwa nyuzi nyembamba zilizobanana. Chini yake nyuzi ni nene na zimepishana kila upande. Tabaka hili la chini ndilo lenye nguvu ya kuvuta.

Kolajeni mbichi ina adui wawili: bakteria na joto. Bakteria huanza kazi saa chache baada ya mnyama kuchinjwa, na kwenye joto la tambarare hawachelewi. Hapo ndipo chumvi inapohitajika, kiasi cha kati ya robo na theluthi ya uzito wa ngozi, ili kuvuta maji na kuwanyima bakteria nafasi. Njia nyingine ni kuiwamba kwenye fremu na kuikausha kivulini, hewa ikipita. Ngozi inayotandazwa chini juani huungua bila moshi: ikilowa na kufika nyuzi joto 60 hivi, kolajeni husinyaa na kuanza kugeuka gundi.

Kazi ya kiwanda cha kusindika ni kuifanya kolajeni isioze wala isisinyae kirahisi. Kwanza ngozi hulowekwa kwenye maji ya chokaa ili manyoya yatoke na nyuzi zifunguke. Kisha huingizwa dawa ya kuzifunga nyuzi zisirudi zilivyokuwa. Njia kuu ni mbili.

Ya kwanza ni tanini, dawa inayopatikana kwenye magamba ya miti. Hapa Tanzania tunaitengeneza wenyewe: kampuni ya TANWAT ya Njombe, iliyoanzishwa mwaka 1949, hukamua tanini kutoka magamba ya miwati, mti wenye asili ya Australia. Ngozi ya tanini huchukua wiki kadhaa kukamilika. Hutoka ikiwa ngumu, yenye rangi ya kahawia, na hustahimili joto la nyuzi 75 hadi 85. Ukiilowesha kidogo hupokea muhuri na michoro, na kingo zake zikisuguliwa hulainika na kung'aa.

Ya pili ni chumvi za kromu, njia iliyopata hataza nchini Marekani mwaka 1884. Ngozi inaweza kuwa tayari ndani ya siku moja, ikiwa na rangi ya samawati kabla ya kupakwa rangi nyingine. Ni laini, hunyumbulika, na huvumilia hata maji yanayokaribia kuchemka. Sehemu kubwa ya ngozi duniani leo husindikwa hivi. Maji machafu ya kromu yanahitaji kusafishwa kwa uangalifu mkubwa kabla ya kumwagwa, na kingo za ngozi hii hazikubali kusuguliwa zikang'aa. Fundi huzipaka rangi au huzikunja na kuzishona.

Kwa mkanda mnene, ngozi ya tanini ndiyo chaguo la mafundi wengi duniani. Kwa pochi laini na mikoba, kromu hufanya kazi nzuri. Fundi anayemwambia mteja ni ipi kati ya hizo amempa tarehe ya kuzeeka kwa bidhaa yake.

Mgongo, bega, tumbo

Tandaza ngozi nzima mezani. Mgongoni na kuelekea matakoni nyuzi zimebanana na unene unalingana. Hapo ndipo mahali pa mikanda na kamba za mikoba. Mabegani kuna mikunjo ya asili, lakini nguvu ipo. Panafaa vitabu vya kumbukumbu, ala za visu na mikoba. Tumboni nyuzi zimelegea kwa sababu tumbo la mnyama lazima litanuke. Pakatwe bitana na vitu vidogo visivyovutwa.

Ukubwa wa ngozi hupimwa kwa futi za mraba na huuzwa hivyo, tumbo likiwemo, chapa ikiwemo, tundu la kisu likiwemo. Hapa ndipo hasara ya kwanza ya fundi inapojificha: amelipia futi 10, lakini huenda ni 7 tu zitakazouzika.

Kazi ya mkono inaongeza nini?

Cherehani hushona kwa nyuzi mbili, mmoja juu na mmoja chini, zinazonasana katikati ya ngozi. Uzi mmoja ukikatika, mshono huanza kufumuka. Fundi wa mkono hutumia uzi mmoja uliopakwa nta na sindano mbili, moja kila ncha. Hutoboa kwa maharazi, kisha sindano zote mbili hupita tundu lile lile zikitoka pande tofauti. Mshono mmoja ukikatika, wa jirani bado umeshika. Ni kazi ya taratibu, na taratibu hiyo ndiyo mteja anayoinunua.

Matundu ya mkanda nayo yana sayansi yake. Tundu la mviringo husambaza nguvu ya kuvuta pande zote. Mpasuko wa kisu hukusanya nguvu yote kwenye ncha mbili, na hapo ndipo ngozi huchanika. Kwa hiyo chombo cha kutobolea tundu safi la mviringo hurudisha gharama yake. Matundu huwekwa idadi witiri, matano au saba, ili la katikati liwe kipimo cha mteja leo, na abakiwe na nafasi akinenepa au akikonda.

Ujuzi huu ni wa kale sana. Mwaka 2008 wanaakiolojia walipata kwenye pango la Areni, Armenia, kiatu cha kipande kimoja cha ngozi ya ng'ombe chenye umri wa miaka 5,500 hivi, kikiwa bado na kamba zake. Pwani ya Afrika Mashariki nayo ina makubadhi, ndara za ngozi zilizonakshiwa kwa mkono, na mafundi wa Lamu wamezishona vizazi na vizazi.

Tupige hesabu

Tuchukue mkanda mmoja. Takwimu hizi ni za mfano. Kila fundi aweke zake.

Ngozi: futi 10 kwa shilingi 40,000. Zinazotumika ni 7, kwa hiyo futi moja ya kweli ni shilingi 5,714, si 4,000. Mkanda wa sentimeta 120 kwa 4, pamoja na sehemu ya kukunjia bizimu, hula zaidi kidogo ya nusu futi: shilingi 3,000.

Bizimu: 2,500. Uzi, nta, rangi na gundi: 1,000.

Muda: fundi anataka kipato cha 400,000 kwa mwezi. Yuko kazini saa 8 kwa siku 25, yaani saa 200. Lakini saa hizo zote si za kushona. Kuna kufuata ngozi, kungoja umeme, kuzungumza na wateja, kupeleka mzigo. Tuseme saa za mezani ni 120. Saa moja ni 3,333. Mkanda ukila saa mbili na nusu, kazi ya mkono ni 8,333.

Kibanda: kodi, umeme na kuchakaa kwa vifaa ni 90,000 kwa mwezi. Gawa kwa saa 120 upate 750 kwa saa. Kwa mkanda huu ni 1,875.

Jumla ni 16,708. Ongeza sehemu ya tano kwa ajili ya kukua kwa biashara, kununua chombo kipya na kustahimili miezi mibaya. Bei ni takriban shilingi 20,000.

Sasa tazama njia iliyozoeleka. Fundi hujumlisha ngozi bila kuhesabu makapi, bizimu na uzi, anapata kama 5,500, anazidisha mara mbili, anauza 11,000. Anaamini amepata faida ya nusu kwa nusu. Ondoa gharama za kweli za vifaa na kibanda, 8,375. Zimebaki 2,625 kwa saa mbili na nusu, yaani 1,050 kwa saa, chini ya theluthi ya alichokusudia kujilipa. Hakuibiwa na mtu. Muda wake haukuandikwa popote.

Akitaka kuuza kupitia duka la mjini au la watalii, duka nalo litaongeza lake. Fundi aliyeanzia 11,000 hana cha kupunguza. Aliyeanzia 20,000 anaweza kuzungumza, hasa kwa oda ya mikanda mingi, kwa sababu kukata mikanda kumi kwa mpigo hupunguza makapi na muda wa kila mmoja.

Kwako mnunuzi

Soko la Memorial mjini Moshi linajulikana kwa mitumba, na mkanda wa bei ya chini haukosekani. Kabla hujalinganisha bei, linganisha vitu. Tazama ukingo: ngozi halisi huonyesha nyuzi zilizosokotana, plastiki huonyesha kitambaa kilichopakwa utando. Kunja mkanda: ngozi hufanya mikunjo midogo isiyolingana, plastiki hukunjika kwa mstari mmoja. Kisha mwulize fundi mambo matatu: umekata sehemu gani ya ngozi, imesindikwa kwa dawa gani, na umeishona kwa mkono au kwa cherehani? Anayejibu bila kusita anakuuzia kitu anachokijua.

Ukishaununua, usiukaushe motoni wala juani ukilowa. Wakati wa masika uning'inize mahali penye hewa ili kuvu isiote, na mara chache kwa mwaka upake mafuta kidogo ya ngozi.

Nawe fundi, wa Chekereni, wa Himo au wa popote, chukua daftari leo. Andika futi ulizonunua na futi ulizotumia. Andika saa uliyoanza na saa uliyomaliza. Baada ya mwezi mmoja utakuwa na bei unayoweza kuieleza mbele ya mteja yeyote, na bei inayoelezeka haihitaji kuombewa msamaha.