Chemchemi ya Ngoitokitok

Chemchemi ya Ngoitokitok ni chemchemi ya maji matamu iliyopo ndani ya kasoko ya Ngorongoro, Mkoa wa Arusha, kaskazini mwa Tanzania. Wageni wengi hufika hapo kwa gari kutoka mji wa Karatu, wakipitia lango la Lodoare.

Maji yake hutokana na mvua inayonyesha kwenye misitu ya nyanda za juu zinazoizunguka kasoko. Mvua hiyo huzama katika miamba ya volkeno na kutokea tena chini, kisha huingia katika kinamasi cha Gorigor. Ziwa Magadi lililo ndani ya kasoko hiyohiyo lina maji ya chumvi, kwa sababu halina mto unaotoka na maji yake hupungua kwa kugeuka mvuke tu. Ndiyo maana wanyama hutegemea sana chemchemi na vijito.

Bwawa lililo kando ya chemchemi hupendeza macho, hasa mchana wa jua kali, lakini si mahali pa kuogelea. Ni makazi ya viboko. Kiboko huweza kukaa chini ya maji kwa dakika kadhaa bila kuonekana, na utulivu wa maji usimdanganye mtu. Akiwa nchi kavu, huwa hatari zaidi kwa yeyote anayesimama kati yake na maji, au kati ya jike na ndama wake. Viboko hutoka majini usiku kwenda kula majani.

Hapo ni mojawapo ya sehemu chache ndani ya kasoko ambapo wageni huruhusiwa kushuka garini, na wengi hula chakula cha mchana. Simba hupita pia maeneo hayo, hivyo mgeni hapaswi kutembea mbali na gari. Mwewe wa hapo ni wezi hodari: hushuka ghafla na kunyakua chakula mkononi, na kucha zao huweza kujeruhi. Wazoefu hula ndani ya gari.

Anayetaka kuogelea huenda Kikuletwa (pia Chemka), karibu na Boma Ng'ombe katika Wilaya ya Hai, ng'ambo ya jiji la Arusha. Huitwa chemchemi ya maji moto, ingawa maji yake ni ya uvuguvugu tu. Mizizi ya miti kandokando yake huteleza, na kina ni kirefu kwa asiyejua kuogelea.