Mafuta ya Mise na Nywele Zinazonyonyoka

Mchikichi, unaoipatia Kigoma mawese yake mekundu, hutoa pia mafuta ya mise, yaani yale yatokayo kwenye kiini kilichomo ndani ya kokwa ngumu. Kokwa zilizobaki baada ya kukamua mawese huanikwa juani na kupasuliwa kwa mawe, kisha viini hukaangwa mpaka vitoe mafuta meusi yenye harufu nzito, ambayo hutengenezewa sabuni na kupakwa mwilini na kichwani.

Wenyeji wa Kasulu na Kibondo, wilaya za mkoa wa Kigoma, waishio ughaibuni, ambao husikia mafuta haya na yale ya nyonyo yakisifiwa kwamba huotesha nywele, wanastahili kujua sifa hizo zinasimama wapi. Karibu nusu ya asidi za mafuta zilizomo katika mise ni asidi ya lauriki, ile ile iliyojaa katika nazi, na utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kuwa mafuta ya nazi hupenya ndani ya unywele na kupunguza protini inayopotea wakati wa kuosha. Kwa hiyo ni haki kutarajia kwamba mise nayo hukinga nywele zisikatike. Lakini kukatika si kunyonyoka, kwa kuwa kunyonyoka huanzia kwenye shina, yaani kijishimo cha ngozi kinachozalisha unywele.

Ushahidi kwamba mafuta ya mimea husaidia shina la nywele ni mchache, ingawa upo. Mwaka 1998 madaktari wa Aberdeen, Uskoti, waliwapima wagonjwa 86 wa alopesia ya mabaka, ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia mashina ya nywele: asilimia 44 ya waliosugua mafuta yenye rozimari, lavenda, thaimu na mwerezi kwa miezi 7 walipata nafuu, dhidi ya asilimia 15 ya waliopaka mafuta ya kawaida. Nyonyo haina ushahidi wa kiwango hicho, licha ya umaarufu wake mkubwa. Aidha, hakuna mafuta yatakayomsaidia mwanamke ambaye misuko ya kubana inaendelea kumvuta nywele za kwenye paji.

Jambo zito zaidi ni mapunye, fangasi wa kichwani wanaowapata watoto; fangasi hao huingia ndani kabisa ya shina ambako dawa ya kupaka haifiki, hivyo huhitaji vidonge kama griseofulvini vinavyowafuata kupitia damu kwa wiki kadhaa. Mtoto mwenye mabaka ya magamba apelekwe zahanati kabla ya kupakwa chochote, kwani mapunye yakivimba na kutunga usaha huweza kuacha kovu lisiloota nywele tena.